Yai la Ng'ombe, Kiini cha Mtu

Mnamo Novemba 2006, vyuo vikuu viwili vya Uingereza, Newcastle na King's College cha London, vilipeleka maombi kwa mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia uzazi wa kusaidiwa na utafiti wa viinitete. Walilolitaka wataalamu wake ni hili: yai la ng'ombe litolewe kiini chake, mahali pake patiwe kiini cha seli ya binadamu, kisha yai lishtuliwe kwa umeme ili lianze kugawanyika mithili ya lililorutubishwa. Vinasaba vya kiinitete hicho vingekuwa takriban vyote vya mtu. Cha ng'ombe kingebakia ule ute uzungukao kiini, pamoja na mitokondria, vijumba vidogo vya kuzalishia nguvu ambavyo vina vinasaba vyao haba. Baada ya siku chache kingevunjwa na kutolewa seli shina, zitumike kuchunguzia maradhi kama Parkinson na Alzheimer. Mwezi uliofuata serikali ikatoa waraka uliopendekeza kazi hiyo ipigwe marufuku, na mjadala ukawaka.

Kwanza walitetea jina. Magazeti yalizua majina ya kutisha. Bunge nalo, lilipotunga sheria mwaka 2008, likaviita viinitete vya binadamu vilivyochanganywa, jina ambalo ndani yake mtu anatajwa na mnyama hatajwi. Nami niliye mfasiri nimeyapima maneno yetu. Chotara silitaki, maana limekwisha kutumika mno kubagulia watu. Nyumbu ni mtoto wa punda na farasi, aliyetungwa kwa mbegu na yai, na hapa hapakuwa na mbegu. Mahuluti linasema tu kwamba pana mchanganyiko, wala halisemi nani kamuingilia nani. Nimelishika hilo.

Wengi walidhani mlango ule ulikuwa ukifunguliwa kwa mara ya kwanza. La. Sheria ya Uingereza ya 1990 ilikwisha kuruhusu mbegu ya mwanamume ichanganywe na yai la hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, ili kupima uwezo wa mbegu kurutubisha, kwa sharti kwamba kinachotokea kiteketezwe kisivuke seli mbili. Huo ndio uliokuwa mchanganyiko wa kweli, mbegu ya huyu na yai la yule. Haukuwahi kutikisa mimbari.

Kwani ng'ombe aliingiaje katika habari hii? Aliingia kwa sababu ya mwanamke. Yai la binadamu halipatikani kwa kukinga mkono. Mtoaji huchomwa sindano za homoni siku baada ya siku ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja, kisha hufyonzwa kwa sindano ndefu. Na wako wanaovimba ovari na kujaa maji tumboni hata kuhatarishwa maisha. Dunia ilikuwa imetoka kushuhudia ya Korea Kusini. Hwang Woo-suk, aliyetangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kutoka viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa, aligunduliwa kuwa ameghushi, na Januari 2006 jarida la Science likazifuta makala zake. Uchunguzi ulionyesha kuwa zaidi ya mayai 2,000 yalikuwa yametumika, ya wanawake zaidi ya 100. Wapo waliolipwa, na wawili walikuwa watafiti wadogo wa maabara yake mwenyewe, waliomtegemea kwa kazi na cheo. Huko Newcastle nako, mwaka 2006 watafiti waliruhusiwa kuwapunguzia gharama za matibabu ya uzazi wanawake ambao wangetoa sehemu ya mayai yao kwa utafiti. Asiye na mtoto na asiye na fedha, hiari yake ina upana gani? Naona hili lilistahili kelele kuliko ute wa yai la ng'ombe, ambaye mayai yake huokotwa machinjioni.

Mamlaka iliwauliza wananchi mwaka 2007, na Septemba ikakubali kimsingi. Leseni zilitolewa tarehe 17 Januari 2008. Siku ya Pasaka mwaka huo Kardinali Keith O'Brien wa Edinburgh aliushambulia mswada akilitaja jina la Frankenstein. Kwake na kwa wengi wa imani yake, utu huanza tangu kutungwa, na kuuchanganya na mnyama ni kuuvunjia heshima mara mbili. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Sisi tuliosoma vyuoni tunajua kwamba mafakihi nao wamehitilafiana juu ya wakati wa kupuliziwa roho, na wengi wameutaja usiku wa 120. Waingereza walichora mstari wao siku ya 14, tena wakakataza mahuluti asitiwe katika tumbo la mwanamke wala la mnyama. Tarehe 19 Mei wabunge walikataa kumpiga marufuku kwa kura 336 dhidi ya 176.

Matunda yake? Newcastle walitangaza Aprili 2008 kwamba wamepata viinitete vilivyoishi siku tatu. Mapema mwaka 2009 ikajulikana kuwa watafiti wamenyimwa fedha, na Februari hiyo hiyo kundi la Robert Lanza huko Marekani likaonyesha kwamba yai la ng'ombe, la sungura au la panya halikiamshi inavyopasa kiini cha mtu. Kabla ya hapo, Novemba 2007, Shinya Yamanaka wa Japani alikwisha kuzirudisha seli za ngozi ya mtu mzima katika hali ya seli shina, pasipo yai la yeyote. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon.

Mjadala umehamia kwingine. Aprili 2021 watafiti wa China, pamoja na Juan Carlos Izpisua Belmonte wa California, walieleza jinsi walivyotia seli za binadamu katika viinitete 132 vya nyani. Viumbe wa namna hiyo sheria ya 2008 haiwagusi, maadamu vinasaba vya mnyama ndivyo vilivyozidi. Vitatu kati yake vilikuwa hai mpaka siku ya 19.