Waliolipa kodi, kisha wakajenga shule

Fomu ya basari ina kurasa chache tu, lakini mzazi wa mtaa wa Landless, Thika, anaweza kumaliza wiki nzima akiizungusha. Inataka nambari ya mwanafunzi shuleni, salio la karo, sahihi ya mwalimu mkuu, muhuri wa chifu, na neno la mchungaji au imamu kwamba familia hii kweli haina uwezo. Akishairudisha, anasubiri. Majina yakibandikwa na lake halimo, anarudi kwa wale wale waliomchangia muhula uliopita: chama, kanisa, shemeji aliyeajiriwa.

Mwaka 2024 hata fomu hiyo ilitiwa shaka. Tarehe 20 Septemba, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba Sheria ya NG-CDF ya 2015, ya mfuko wa maeneo bunge uliokuwa ukitoa basari hizo, inakiuka Katiba, wakaupa mfuko huo hadi 30 Juni 2026. Kabla wazazi hawajatulia, Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akaziandikia kaunti kwamba haziwezi kuendelea kutoa basari bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa elimu ya sekondari si kazi yao. Magavana wakafoka, kesi zikafunguliwa, na mzazi aliye kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa akabaki na fomu mkononi.

Wengi waliolizungumzia jambo hili wamesema kana kwamba kumlipia karo mtoto wa mwenzako kulianza 2003, CDF, mtangulizi wa NG-CDF, ilipoundwa na kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Katika kaunti hii ya Kiambu historia ni ndefu kuliko hiyo, na inafaa isimuliwe sasa, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo sheria zetu za kodi hazijalijibu sawasawa hadi leo: mwananchi akitoa pesa zake mfukoni kusomesha watoto wa umma, serikali inamtambua vipi?

Tuanzie Githunguri. Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, alirudi nyumbani 1938 baada ya miaka mingi ya masomo Marekani, Hampton, Ohio Wesleyan na hatimaye Columbia. Alizikuta shule huru za Wakikuyu zimeenea. Zilikuwa zimezaliwa na mgogoro wa 1929 kati ya wazazi na wamishonari kuhusu tohara ya wasichana, nazo zilijengwa kwa fedha, mifugo, mazao na nguvu za wenyeji. Shule zilikuwepo, walimu hawakutosha. Januari 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri, Mbiyu akiwa mkuu wake.

Kumbukeni waliokichangia walikuwa nani. Kila mwanamume Mwafrika alikuwa akidaiwa kodi ya kichwa au ya kibanda. Kodi hiyo ndiyo iliyomchochea mwanasiasa Harry Thuku na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipopandishwa hadi Sh16 kabla ya kushushwa tena hadi Sh12. Kuanzia 1925 Mabaraza ya Wenyeji nayo yalitoza ushuru wao, na sehemu yake ilitajwa kuwa ya shule. Mtu alikuwa ameshalipa mara mbili kabla mchango wa Githunguri haujafika mlangoni. Alipoutoa, hakuna karani aliyemwandikia nafuu yoyote. Machoni pa dola, shilingi yake ya tatu haikuwepo.

Mbiyu aliandika habari za uchangishaji huo katika kitabu chake kilichotoka 1955, akiwa uhamishoni Uingereza, na simulizi yake ndiyo ninayoiegemea hapa. Mchango ulipita kwa rika. Waliotahiriwa mwaka mmoja walikuwa kundi moja maishani mwao mwote, wakijuana kwa jina la rika, na kila rika lilikusanya fungu lake. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango ule. Hakuna mwanamume aliyetaka kusikia rika lililomfuata limetoa kuliko lake. Chuo kilipanda kwa ushindani ambao hakuna afisa wa serikali angeweza kuuamuru.

Kisha wanawake wakauliza swali. Walikuwa wamechanga kama wengine, na kazi za mikono wamezifanya, lakini wasichana wao wangelala wapi Githunguri? Swali halikuwa geni. Mwaka 1930 wanawake waliochoshwa na kufungiwa nje ya vikao vya chama cha siasa cha Kikuyu Central Association walikuwa wameunda chama chao, Mumbi Central Association. Safari hii pia hawakungoja ruhusa. Wakiongozwa na Wambui Wangarama, waliamua kukusanya fedha zao wenyewe kwa ajili ya bweni la wasichana.

Fikiria uzito wa hatua hiyo. Hawa walikuwa wanawake wengi wao wasiojua kusoma, wasio na ardhi kwa majina yao, wanaolima na kuuza sokoni kwa senti. Wanaume walikuwa na rika zao na majina yao ya kushindania. Wanawake waliingia katika shindano ambalo halikuandaliwa kwa ajili yao, wakaleta fedha zilizotengwa kwa kazi moja, jengo moja, watoto ambao hakuna aliyewahesabu. Hili ndilo lililo moyoni mwa ufadhili wowote wa masomo: mtoaji anasema pesa hii ni ya nani, na anasimama pale hadi apewe. Inanisikitisha kwamba jina la Wambui Wangarama halijulikani na watoto wanaopita Githunguri kila asubuhi kwa basi za shule za manjano.

Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza Septemba 1946 na mwaka uliofuata akashika uongozi wa chuo. Hali ya hatari ikatangazwa 20 Oktoba 1952, shule huru zikafungwa, na Githunguri, palipojengwa kwa michango ya rika na ya akina mama, pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Waliotoa hawakurudishiwa hata senti.

Yaliyofuata yanajulikana. Shule ya Starehe ilianza 1959 kwa mabanda mawili ya bati, ikasomesha wavulana maskini kwa hisani ya wafadhili. Mwito wa Harambee wa 1963 ukajaza nchi shule za sekondari zilizojengwa na wanakijiji. Mwaka 2010 ulileta ufadhili wa Wings to Fly wa Benki ya Equity na Mastercard Foundation. Upande wa pili wa Thika, huko Mang'u, M-PESA Foundation Academy ilifungua milango 2016: shule ya kibinafsi ya bweni ambamo wanafunzi kutoka kaunti zote 47 hulipiwa kila kitu. Wakfu wake umetegemea riba ya fedha za M-Pesa zinazowekwa benki kwa niaba ya wateja, riba ambayo kampuni yenyewe haiwezi kujiwekea. Mama mboga wa Landless anayeacha mia mbili kwenye simu usiku kucha, bila kujua, ana mkono wake pale.

Sheria ya kodi ilichelewa. Ni mwaka 2007 tu ndipo Wakenya walipoanza kuruhusiwa kukata mchango wa hisani kutoka katika mapato yanayotozwa kodi. Masharti yake ni makali: anayepokea awe shirika lililosajiliwa na lenye cheti cha msamaha wa kodi, kuwe na risiti, na mtoaji asipate faida yoyote wala kurudishiwa. Kanuni mpya zilichukua nafasi ya zile za 2007 mwezi Juni 2024. Hesabu ni nyepesi. Kampuni ikitoa Sh1,000,000 kwa mfuko wa karo wenye cheti, faida yake inayotozwa inapungua kwa kiasi hicho, na kwa kiwango cha asilimia 30 inaokoa Sh300,000. Zile Sh700,000 zimetoka kwake kweli.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Jimbo la Arizona lilianza 1997 kuwaruhusu walipa kodi kutoa hadi dola 500 kwa mashirika yanayowalipia watoto karo katika shule za kibinafsi, kisha kuziondoa dola hizo zote katika kodi wanayodaiwa. Mtoaji hapungukiwi na kitu, hazina ya jimbo ndiyo inayopungukiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na 2011 majaji watano dhidi ya wanne wakasema walalamishi hawana haki ya kushtaki, kwa kuwa pesa ambayo haijaingia hazina si ya serikali. Julai 2025 mpango kama huo ukapitishwa kwa nchi nzima, hadi dola 1,700 kwa mtu kuanzia 2027, kwa majimbo yatakayoukubali.

Siutaki mfumo huo Kenya. Shule zetu za umma zinategemea mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na walimu wakuu wanalia kila muhula kwamba haufiki wote wala kwa wakati. Kila shilingi itakayoelekezwa shule ya kibinafsi kabla ya kuingia hazina itatolewa kwenye mgao huo huo. Njia yetu, ambapo mtoaji anaumia na serikali inampunguzia kidogo, ina heshima zaidi.

Lakini nafuu hiyo inamfikia nani? Inamfikia mwenye mhasibu. Wanawake kumi na watano wa chama cha Landless wanaomlipia karo mtoto wa mwenzao aliyefiwa wanatoa kwa mtu, si kwa shirika lenye cheti, hivyo kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, hawajatoa kitu. Julai 2024 Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, baada ya vijana kuwazomea wanasiasa waliokuwa wakimwaga mabunda ya noti makanisani. Lilikuwa jambo jema. Lakini wakubwa wakiondoka jukwaani, wanaobaki wakichanga ni hawa wadogo, na hakuna aliyewaandalia utaratibu.

Utaratibu huo unaweza kuandaliwa. Shule au kanisa linaweza kuwa na mfuko mmoja wa karo wenye cheti na hesabu zinazokaguliwa, ambamo vyama vya mtaa vinaingiza michango na kupewa risiti. Cheti kipatikane bila kuajiri wakili Nairobi. Kanuni za 2024 zilitungwa na Waziri wa Fedha, na anaweza kuzibadili. Wabunge wa Thika na Ruiru walete pendekezo hilo Bungeni, kwa bidii ile ile ambayo wabunge wameipigania nayo NG-CDF.