Akisimama Tu Kwenye Kiti Mwendo, Maneno Yanaanza: Ilikotoka Kasheshe ya Foleni za Disney

Kuna video za aina moja ambazo haziishi kuzunguka mitandaoni. Mdada yupo Disney World kule Florida, kakaa kwenye kiti mwendo, mumewe anasukuma. Wakifika kwenye mchezo wanaoutaka, mdada anasimama, anapiga hatua tano sita, anapanda, anafunga mkanda, anacheka. Shuka kwenye maoni sasa. "Muujiza!" "Huyo kaombewa." "Mjanja, anakwepa foleni." Wachache wanaojaribu kueleza wanazamishwa na emoji za kucheka.

Kabla ya kuingia kwenye historia, jambo moja liwekwe sawa, maana ndipo wengi wanapopotea. Wapo watu kibao wanaotumia kiti mwendo na bado wanaweza kusimama na kutembea kiasi. Kinachowashinda ni umbali, joto au muda wa kusimama. Kuna wenye baridi yabisi. Kuna wenye MS, ugonjwa unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo, leo mguu uko poa, kesho haunyanyuki. Kuna ambao maungio yao yamelegea kiasi cha kuteguka kwa kugeuka tu. Kuna wenye POTS, ambao mapigo ya moyo yanapaa mara tu wanaposimama, na kwao kusimama palepale dakika 40 ni balaa kuliko kutembea.

Mtu wa namna hiyo nyumbani anapika, kazini anaenda, sokoni anafika. Kiti hana. Lakini siku nzima ya Disney ni habari nyingine. Kulizunguka tu ziwa la EPCOT, pale penye mabanda ya nchi mbalimbali, ni karibu kilomita 2, na EPCOT ni kiwanja kimoja kati ya vinne vya pale. Basi anakodi kiti mlangoni, au anabeba cha kwake kwa ajili ya likizo peke yake. Kikiisha kazi kinakunjwa, maisha yanaendelea.

Kinachoshangaza ni kwamba zamani jambo hili halikumsumbua mtu.

Mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100, yalifanyika maonyesho makubwa mjini Philadelphia, na wageni waliochoka waliweza kukodi kiti chenye magurudumu pamoja na mtu wa kukisukuma. Mwaka 1893 Chicago nayo ikafanya yake, makubwa zaidi: eneo la zaidi ya ekari 600, gurudumu la kubebea watu lenye urefu wa karibu mita 80, na upande mmoja mtaa mzima wa burudani za kulipia. Wanaoandika historia ya viwanja vya burudani mara nyingi huanzia kwenye mtaa ule. Na kwa wanaopenda umbea wa historia: baba mzazi wa mwanzilishi wa Disneyland alikuwa mmoja wa waliofanya kazi ya ujenzi wa maonyesho hayo. Pale Chicago viti vya kusukumwa vilikodishwa kwa saa, na waliosukuma walikuwa vijana wa vyuo waliotafuta hela ya likizo.

Kule Atlantic City, mji wa ufukweni, mambo yakanoga zaidi. Miaka ya 1880 viti vilianza kukodishwa kwa wagonjwa waliotumwa na madaktari kwenda kupunga upepo wa bahari kwenye ile njia maarufu ya mbao. Haikuchukua muda wazima nao wakavitaka. Vikasukwa vya matete, vya kukaa wawili hadi watatu, vina mto na kivuli. Maharusi wakapanda, matajiri wakapanda na kofia zao, ikawa fasheni. Ukikaa kwenye kiti chenye magurudumu, watu wanajua una hela. Waliokuwa wanasukuma walikuwa hasa wanaume weusi, katika mji ambao ufukwe wenyewe ulitengwa kwa rangi, na hilo halionekani sana kwenye zile postikadi nzuri.

Kwa hiyo kwa miaka mingi ya mwanzo, kwenye sehemu za starehe, kiti kilikuwa cha yeyote aliyechoka mwenye chenji mfukoni. Hakuna aliyesimamishwa na kuulizwa, "Kwani wewe huwezi kutembea?" Hawakuuliza kwa sababu kiti hakikukupa kitu ambacho mwenzako hana. Kilikufikisha tu.

Kiti cha kukunja, kile ambacho leo kinaingia kwenye buti la gari, ni cha miaka ya 1930. Mhandisi mmoja wa madini aliumia mgongo kwenye ajali ya mgodi mwaka 1918. Alikuwa na gari na alitaka kusafiri, lakini viti vya wakati ule vilikuwa vikubwa na vizito, havibebeki. Yeye na rafiki yake, naye mhandisi, wakatengeneza kiti cha chuma chenye miguu inayokutana kama herufi X, kinachokunjika kwa kuvuta. Hiyo ilikuwa 1933. Vingi unavyoviona hospitali na viwanja vya ndege leo ni wajukuu wa kiti kile. Jamaa alitaka kutoka nyumbani, ndicho kilichozaa uvumbuzi wote huo.

Halafu ikaja Disneyland, California, tarehe 17 Julai 1955. Siku ya ufunguzi ilikuwa vurugu tupu. Lami ilikuwa haijakauka vizuri, visigino vya kina mama vikawa vinazama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma kabla yake, kwa hiyo maji ya kunywa yalikuwa ya shida, na jua linawaka kwelikweli. Kile kiwanja kilijengwa kwa ajili ya kutembea: unaliacha gari nje, unaingia barabara moja, kisha zinatawanyika njia za kila upande. Na kilijengwa kwa ajili ya foleni pia, foleni zinazojikunja kama nyoka kati ya vyuma vyembamba ili watu wengi wakae sehemu ndogo.

Vyuma vile ndivyo vilivyoleta kasheshe yote. Kiti mwendo hakipiti. Michezo mingi ya zamani ilijengwa bila kumfikiria mtu wa kwenye kiti, hivyo wafanyakazi wakawa wanampitisha kwenye mlango wa kutokea. Akiingilia huko anakutana na mwanzo wa foleni, siyo mwisho wake. Hakuna aliyekaa mezani kuamua kuwapa watu wenye ulemavu upendeleo. Ni kosa la ramani, likatafutiwa njia ya panya. Ila kwa familia iliyosimama juani saa nzima, ilichoona ni kiti kinapita pembeni. Hapo ndipo kiti kikageuka kuwa tiketi, na tiketi lazima ikaguliwe.

Wakati huohuo nje ya viwanja vya starehe kulikuwa na vita halisi. Tarehe 12 Machi 1990 makumi ya watu wenye ulemavu walifika mbele ya jengo la Bunge mjini Washington, wakaacha viti na magongo chini, wakaanza kupanda ngazi kwa mikono, kwa magoti, wengine kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka 8. Walikuwa wanadai sheria iliyokuwa imekwama, na tarehe 26 Julai mwaka huohuo rais akaisaini. Ndiyo sheria inayolazimisha biashara za Marekani, viwanja vya burudani vikiwemo, kumpokea mteja mwenye ulemavu kama wengine. Fikiria tukio lile lingetokea leo, likarushwa bila maelezo. Kuna mtu angeandika: mbona ngazi wanazipanda?

Baada ya sheria, michezo mipya ikaanza kujengwa na foleni pana. Mwenye kiti anaingia mlango uleule, anasubiri dakika zilezile. Lakini imani kwamba kiti ni njia ya mkato haikufa, na mwaka 2013 ikapata petroli. Gazeti moja la New York liliandika kwamba kuna wanamama wa kitajiri wa Manhattan wanakodi mwongozaji mwenye ulemavu, wanamfanya ndugu wa familia, watoto wao wanapita mbele. Bei iliyotajwa: dola 130 kwa saa, au 1,040 kwa siku ya saa 8. Majina ya kina mama hao hayakuwekwa hadharani. Hasira zikapanda nchi nzima, na Oktoba mwaka huohuo Disney ikafuta utaratibu wake wa kadi wa zamani na kuleta mwingine: unapewa saa ya kurudi kulingana na urefu wa foleni, unaenda kusubiri kwingine. Mwenye tatizo la kutembea tu, foleni ikiwa pana, anapanga foleni na kiti chake.

Yaani tangu 2013 ule ujanja ambao watu wanaulaumu kwenye maoni, kwa sehemu kubwa haupo. Kukodi kiti hakukupeleki mbele. Tena kuna michezo ambayo mwenye kiti husubiri zaidi, kwa sababu chombo kinachobeba kiti ni kimoja au viwili tu, vikizunguka navyo unangoja vizunguke.

Waliobanwa na mabadiliko yale ni wengine kabisa. Familia zenye watoto wenye usonji zilienda mahakamani. Kesi moja ilishindwa, ikafufuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2018, na mwaka 2020 jaji akaamua kampuni haikukosea. Mwaka 2024 masharti yakabanwa tena, nafasi ile ikabaki hasa kwa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji na yanayofanana nayo. Wanamama matajiri wa Manhattan hawakuonekana tena kwenye habari. Bili wamelipa wengine.

Mwaka huohuo wa 2013, staa mmoja mkubwa wa pop alikatisha ziara yake kwa sababu ya jeraha la nyonga, akafanyiwa upasuaji, akatengenezewa kiti mwendo kilichopakwa dhahabu. Magazeti ya mitindo yakakiandika kama mkoba mpya. Miaka miwili kabla, staa huyohuyo alichambwa na watetezi wa watu wenye ulemavu kwa kupanda jukwaani Sydney kwenye kiti mwendo akiwa kavaa kama nguva. Ila alipokuwa mgonjwa kweli, akapona, akarudi kucheza, hakuna aliyemwita tapeli. Kiti cha muda kwa staa kilieleweka mara moja. Kwa mama wa watoto wawili mwenye MS hakieleweki hadi leo.

Na hapa ndipo panapouma. Wapo wanaokiacha kiti hotelini kwa kuogopa macho ya watu, wanajikaza siku ya kwanza, siku ya pili na ya tatu wanazilala kitandani huku watoto wanamsubiri mama aamke. Wapo wanaokaa kwenye kiti na kujizuia hata kukunja mguu, wasije wakarekodiwa. Mtu kalipia likizo, kisha anaitumia kuigiza ugonjwa ambao siyo wake ili aaminike kwenye ule alionao.

Viwanja vyenyewe vimeshajua habari hii. Kwenye ramani za Disney kila mchezo una alama yake: huu unabaki kwenye kiti, huu lazima uhamie kwenye siti, huu uwe na uwezo wa kupiga hatua kadhaa. Alama hiyo ya mwisho isingekuwepo kama watu wa kwenye viti wote hawatembei. Na Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, kuna kijiji cha Kiafrika cha kuigiza kinachoitwa Harambe, mabango yana Kiswahili, na safari yake ya kuona wanyama imepewa jina la Kilimanjaro. Yale malori yana nafasi ya mtu kupanda na kiti chake. Anayeweza kusimama na asiyeweza wanawaona twiga walewale.