Seminari na Wito wa Kuazima

Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba unapokaribia, wazazi Wakatoliki wa nchi hii huulizana kijana aende sekondari ipi, na jibu la wengi ni seminari ndogo. Tumezoea kulijadili jibu hilo kama suala la ada na ufaulu. Kwa kweli ni suala la historia, na historia hiyo ina mwaka wake: 1969.

Chini ya ukoloni, sehemu kubwa ya sekondari za Tanganyika ilikuwa mikononi mwa misheni. Pugu, Tosamaganga, Umbwe na Ndanda zilikuwa za Wakatoliki, Minaki ya Waanglikana, Ilboru ya Walutheri. Mzazi Mwislamu aliyehofia mwanawe kubatizwa alikuwa na mahali pachache mno pa kumpeleka, na matokeo yake yalionekana wazi katika orodha za wasomi wakati wa uhuru. Mwalimu Nyerere aliijua hali hiyo kutoka pande zote mbili. Alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, akafundisha St. Mary's ya mji huo huo, kisha St. Francis ya Pugu, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Kwa hiyo Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule za mashirika mikononi mwa serikali, haikuwa kazi ya mtu asiyezijua au aliyezichukia. Taifa halingeweza kujengwa juu ya elimu inayogawiwa kwa dhehebu. Mimi bado naiona hoja hiyo kuwa sahihi.

Seminari hazikuguswa. Chuo cha kuandaa mapadri si shule ya umma, na serikali yenye busara haiingilii mambo ya altare. Lakini seminari ndogo hufundisha hisabati ile ile na huketi kwa mtihani ule ule wa taifa. Hivyo mzazi aliyependa malezi ya mapadri alibakiwa na mlango mmoja, nao ulikuwa na sharti: mvulana wa miaka kumi na mitatu aseme kwamba ana wito. Hata zamani si kila mseminari aliishia kwenye upadri. Benjamin Mkapa alipita seminari ya Kigonsera kabla ya Pugu na Makerere. Tofauti ni kwamba kizazi chake kilikuwa na sekondari nyingine za Kikatoliki za wazi, na aliyeona hana wito alikuwa na pa kuhamia. Baada ya 1970, wito ukawa tiketi. Waislamu nao wakaanzisha shule zao, na nyingine zikajiita seminari vilevile. Neno hilo katika Kiswahili cha elimu ya Tanzania limekuwa na maana pana kuliko ile inayotolewa na kamusi.

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba katika miaka ya 1980 shule ya binafsi ilikuwa kimbilio la waliokosa nafasi serikalini. Nafasi zilikuwa chache, ndiyo maana Jumuiya ya Wazazi na makanisa wakajenga za kwao, na kabla ya muongo huo kwisha sekondari binafsi zilizidi za serikali kwa idadi. Fahari ilikuwa kuchaguliwa kwenda Tabora, Mzumbe au Ilboru. Kisha mambo yakageuka. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata kwa kasi kubwa, majengo yakitangulia walimu, na watu wakazibandika jina la dhihaka, "yeboyebo". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume na matokeo yakapangwa upya, ila wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoa watoto wao.

Naandika haya nikiwa na kijana wa darasa la saba nyumbani. Anapenda kufungua redio mbovu na sijawahi kumsikia akitaja upadri. Shemeji yangu amemletea fomu ya seminari pamoja na ushauri: afundishwe kusema anataka kuwa padri, na akimaliza kidato cha nne atabadili mawazo. Ushauri huo hutolewa katika nyumba za watu waadilifu kabisa, pengine baada ya sala ya jioni. Ada ya seminari nyingi iko chini ya ile ya shule binafsi zenye jina mjini, kwa kuwa jimbo na sadaka za waumini hubeba sehemu ya gharama. Yaani mama muuza vitumbua anayechangia malezi ya mapadri ndiye angenisaidia mimi, mhadhiri, kumsomesha fundi mitambo. Na kiti hicho kingekuwa cha mvulana mwingine mwenye nia ya kweli.

Udhuru wa zamani umepungua pia. Tangu milango ilipofunguliwa kwa shule binafsi, Kanisa lina sekondari zisizouliza wito; Loyola ya Wajesuiti, Dar es Salaam, ni mojawapo. Ada za shule za namna hiyo zinauma, sikatai. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini kufuta ada hakukuleta mwalimu wa fizikia. Tunaoandika sera, kuzifundisha na kuzitekeleza tungelitafuta jibu la upungufu huo kwa haraka zaidi kama watoto wetu wangekuwa wamekaa kwenye madawati hayo.

Kwa sasa nimeamua hivi. Kijana akichaguliwa shule ya vipaji maalumu ya serikali, atakwenda. Akikosa, tutajaribu shule ya Kanisa ya kutwa, na kiwanja chetu kitauzwa. Mama yake anaona kiwanja kisiuzwe na shule ya kata ijaribiwe kwanza, nami niombe kuingia kwenye bodi yake nikaulize maabara iko wapi. Bado tunabishana. Fomu ya seminari imerudi kwa shemeji ikiwa haijajazwa.