Uzi Ulioshika Nafasi ya Jiwe

Katika baridi ya mwaka 1919 kuingia 1920, Moscow ikiwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na karakana zake nyingi zimefungwa, mchongaji Naum Gabo alitafuta kengele kuukuu ya umeme, akaichomoa mashine yake na kuiunganisha na ufito wa chuma uliosimama wima. Umeme ukiwashwa, ufito hutetemeka kwa kasi hata jicho lisiweze kuufuata. Kinachoonekana ni wimbi lililosimama, lenye tumbo na kiuno, ambalo nuru hupenya ndani yake. Umeme ukizimwa hubaki chuma kitupu. Agosti 1920, Gabo na kaka yake Antoine Pevsner walibandika ilani mjini humo, wakikana kwamba sanamu lazima ijengwe kwa uzito, na kudai mstari, kina na mwendo wa wakati. Tangu hapo imezoeleka kusimuliwa kwamba wakati uliingia katika sanaa ya sanamu kwa mlango wa mota. Hoja yangu ni kwamba uliingia kwa mstari. Mota ilipiga hodi tu.

Shahidi wa kwanza ni Gabo mwenyewe. Baadaye alikiona kifaa kile kuwa maelezo ya wazo kuliko sanamu kamili, na hakuifanya mota kuwa njia yake kuu. Alikuwa amesoma tiba, kisha sayansi na uhandisi, mjini Munich, na tangu karne ya 19 walimu wa hisabati walikuwa wakitumia vielelezo vya nyuzi kuonyesha nyuso zilizopinda. Akiwa Cornwall, Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alianza kuzungushia uzi wa nailoni kwenye fremu za plastiki angavu. Kila uzi umenyooka, lakini zikikaribiana zote pamoja huunda uso uliopinda. Mtazamaji akisogea hatua moja pembeni, mng'ao hukimbia juu ya nyuzi, uso uliokuwa umefumba hufunguka, na nyuzi za nyuma hukatiza zile za mbele kwa namna mpya. Hakuna kilichotikisika, ila sanamu haionekani yote kwa mara moja. Inadai muda.

Kuna atakayesema kwamba hata sanamu ya marumaru huzungukwa, na jua huibadilishia vivuli tangu asubuhi hadi jioni. Ni kweli, na wachongaji wa kale walilijua hilo vizuri. Lakini kwenye jiwe nuru huishia juu ya ngozi. Vivuli vinasimulia habari za mwili ambao tayari upo. Kwenye nyuzi, mbele na nyuma huonekana kwa pamoja, na umbo lenyewe ndilo linalotengenezwa na nuru na hatua za mtazamaji. Pingamizi zito zaidi ni mashine ya msanii László Moholy-Nagy, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1930, yenye mota, taa na vyuma vilivyotobolewa. Hata hivyo mota hurudia mzunguko wake ule ule, na Moholy-Nagy alipoipiga filamu mashine hiyo, kilichompendeza ni michirizi ya mwanga na vivuli. Gia hazikuwa na la kusema.

Ushahidi ulio bora, kwa maoni yangu, uko Caracas. Msanii Gertrud Goldschmidt, anayejulikana kama Gego, alizaliwa Hamburg mwaka 1912, akahitimu usanifu na uhandisi Stuttgart, na mwaka 1939, kama Wayahudi wengi, akaikimbia Ujerumani na kuhamia Venezuela. Mwaka 1969 alijaza chumba cha jumba la makumbusho kwa wavu wa waya, vipande vilivyounganishwa kwa mkono, bila kitovu wala kiweko. Mtu aliingia ndani ya mstari. Kuanzia 1976 akafanya michoro isiyo na karatasi, waya ulioning'inizwa karibu na ukuta, ambapo kivuli huwa mstari wa pili, nao hubadilika taa ikihamishwa. Mota haimo kabisa.

Wapo wanaocheka kwamba wakati umelipiza kisasi, kwa kuwa baadhi ya kazi za awali za Gabo za plastiki zimepinda na kupasuka. Lakini lililoshindwa hapo ni kemia ya plastiki za miaka ile. Gabo alizirudia baadhi ya kazi zake kwa plastiki bora zaidi, na mistari yake ikahamia humo bila kupungua kitu.