Nani alimpa malkia ubaya?

Toleo la kwanza la ngano za Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili wa Ujerumani, lilianza kutoka mwaka 1812. Humo, malkia anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi, yuleyule aliyetamani mtoto mweupe kama theluji. Toleo la 1819 likabadilisha mambo: mama anafariki, mfalme anaoa tena, na ubaya wote anabebeshwa mke mpya. Kufikia 1840, mama yao Hansel na Gretel naye keshageuzwa kuwa mama wa kambo.

Yaani hawa kina mama wa kambo tuliowachukia tangu utotoni walipewa ubaya kwa kalamu, ili mama mzazi abaki na heshima yake.

Ndiyo maana nawashangaa wanaolalamika kwamba simulizi za chimbuko la wabaya, zinazopendwa sana na vijana, zinaharibu ngano za asili. Asili ipi? Mwaka 1900, L. Frank Baum hakumpa hata jina yule mchawi mbaya wa Magharibi katika nchi ya Oz. Mwaka 1995, Gregory Maguire akamwita Elphaba katika riwaya ya *Wicked*, akampa ngozi ya kijani tangu kuzaliwa na watu wa kumtenga. Maguire aliwaandikia watu wazima. Tamthilia ya muziki ya 2003 ndiyo iliyowavuta wasichana kwa wingi.

Kwangu mvuto wake uko wazi. Kijana wa miaka 14 keshaitwa mkaidi, mjeuri, hana adabu. Anajua kuna jambo lililotangulia jina hilo, na hakuna aliyeuliza. Katika ngano ya Grimm, mfalme ana sahani 12 za dhahabu na wanawake wenye hekima ni 13, basi mmoja anaachwa, na anakuja na laana. Filamu ya *Maleficent* ya 2014 inakwenda mbali zaidi: mwenye laana alikatwa mbawa na mwanamume aliyempenda, kisa ufalme.

Lakini kueleza si kusamehe. Snow White alikuwa na miaka saba tu alipoanza kuwindwa. Hata malkia angekuwa na utoto mgumu kiasi gani, mtoto yule bado yuko peke yake msituni. Simulizi ninayoweza kumpa kijana bila wasiwasi ni ile inayomsikiliza malkia bila kumsahau huyo mtoto.