Kusoma kwa Kusaidiana: Urithi wa Vyuo Vyetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu wa Kamembe na wa Rusizi nzima, tangu mwaka 2016 shule za nchi yetu zafuata mtaala mpya, ambao wamtaka mwalimu awaketishe watoto makundi makundi ili wafundishane. Wako wazazi wanaonung'unika. Husema mwalimu amejitua mzigo wake, na mtoto mwenye akili ametwikwa kazi isiyo yake. Yafaa basi tukumbushane kwamba jambo hili si geni kwetu.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alikaa pembezoni mwa Madina, na kazi za maisha hazikumpa nafasi ya kuhudhuria kwa Mtume kila siku. Akapatana na jirani yake, mtu wa Ansari, washike zamu: huyu aende leo, yule kesho, na kila arudiye amweleze mwenzake aliyoyasikia. Hivyo hakuna aliyekosa elimu, na hakuna aliyekosa riziki.

Desturi hiyo ilifika hadi huku kwetu. Wajerumani walipoweka kituo Shangi mwaka 1898, Uislamu ulikuwa ukiingia Rwanda pamoja na askari, wapagazi na wafanya biashara waliotoka pwani. Na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Nyamirambo, Kigali. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, kama ile ya Mibirizi iliyoanzishwa mwaka 1903, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kwamba mtoto akipelekwa huko atabatizwa. Hivyo chuo cha Kurani kikawa ndiyo shule.

Na chuo kiliendeshwaje? Mwalimu alikuwa mmoja, watoto wengi, na kila mmoja ana kiasi chake: huyu yu katika alifu na be, yule katika juzuu ya Amma, na mwingine akaribia kuhitimu. Mwalimu asingaliweza kuwafundisha wote peke yake. Aliyetangulia alimshika mkono aliyefuata, akamsomesha ubao wake, na kwa kumsomesha naye akazidi kuthibitisha aliyoyahifadhi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata Wazungu waliipata hekima hii Mashariki. Andrew Bell, kasisi wa Uskoti, alisimamia shule ya mayatima huko Madras, Bara Hindi, na mwaka 1797 akachapisha kitabu London kueleza jinsi watoto walivyofundishana. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alifungua shule ya namna hiyo mjini humo humo.

Lakini haki yataka tuyaseme yote. Katika vyuo vyetu vya zamani watoto wengi walikariri wasiyoyafahamu, kwa kuwa mkubwa aliyewafundisha naye hakuyafahamu. Na katika makundi ya leo, mvivu aweza kujificha nyuma ya mwenye bidii. Dawa yake ilikuwamo chuoni mle mle: watoto walisoma pamoja, lakini kila mmoja alisimama peke yake mbele ya mwalimu na ubao wake, asikilizwe. Asiyejua hakuvushwa.

Kwa hiyo, mzazi, usimwulize mwalimu kwa nini watoto wanafundishana. Mwulize: wangu umemsikiliza lini peke yake? Na mwanao mwepesi wa kufahamu usimzuie kumsaidia mzito. Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawiwa, na yule mzito wa leo huenda kesho akawa ndiye mwalimu wa wajukuu zako.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na watoto wetu. Amin.