Bradshaw: Kitabu cha Saa za Treni, 1839–1961

Mwezi wa kumi, 1839, mchonga ramani wa Manchester aitwaye George Bradshaw alitoa kijitabu cha kutia mfukoni, chenye jalada la kitambaa, bei yake peni sita. Ndani mlikuwa na saa za treni na ramani. Tarehe aliyoiandika haikuwa na neno “Oktoba”. Bradshaw alikuwa Quaker, wa dhehebu la Marafiki, hao hao waliokuja kufungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Wao waliyakwepa majina ya miezi ya Kirumi, wakaihesabu kwa namba kama tunavyoihesabu sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kila kampuni ya reli ilikuwa na mambo yake, na kila mji ulifuata jua lake. Bristol, iliyoko magharibi, ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama kumi. Hadi leo saa ya jengo la Corn Exchange mjini Bristol ina mishale miwili ya dakika: mmoja wa London, mwingine wa wenyeji. Abiria aliyefuata mshale usio wake aliikuta stesheni tupu. Sisi tunaoona 08:00 kwenye tiketi tukasema saa mbili twajua hesabu hiyo inavyotaka utulivu. Sheria ya kufuata wakati mmoja Uingereza nzima ilipitishwa mwaka 1880 tu. Kabla ya hapo, kitabu hiki kiliwasaidia wasafiri.

Tangu Desemba 1841 kilitoka kila mwezi. Kilianza na kurasa 8. Mwaka 1898 zilikuwa 946, maandishi madogo yamebanana, na tarakimu moja ikikosewa mtu analala njiani. Nawavulia kofia wapanga chapa wale, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwanzilishi hakuyaona hayo. Alisafiri kwenda Norway mwaka 1853, kipindupindu kikamuua, akazikwa Oslo. Jina likabaki: Waingereza wakaiita ratiba yoyote ya treni “Bradshaw”, naye mwandishi Jules Verne akampa mhusika wake Phileas Fogg toleo la nchi za nje alibebe kwapani akizunguka dunia.

Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, British Railways ilichapa ratiba zake za kanda, na wanunuzi wakapungua. Toleo la mwisho, namba 1521, lilitoka mwaka 1961.